Eyemouth: Mji ulioachwa na wajane 78

Eyemouth ni mji mdogo wa wavuvi huko Scotland, kilomita chache tu kutoka mpaka wa England. Wakazi wake, wapatao 3,500, wanaishi pale mto Eye unapoingia baharini, na ndiko jina lilikotoka.

Zamani mji huu ulisifika kwa magendo. Jumba la Gunsgreen, linaloitazama bandari hadi leo, lilijengwa miaka ya 1750 na John Nisbet, mfanyabiashara aliyeingiza majani ya chai kwa siri ili kukwepa ushuru. Kuta zake zina mahali pa kufichia mzigo. Naam, chai hii hii tunayoamkia!

Lakini riziki ya wengi ilikuwa samaki. Baba alikwenda baharini. Mama na watoto walibaki wakitia chambo cha kome kwenye mshipi mrefu wenye ndoana mamia kwa mamia. Kanisa nalo lilidai zaka ya samaki hao. Mvuvi William Spears aliongoza wenzake kuipinga mpaka ikaondolewa, ila kwa malipo makubwa. Bandari, yenye miamba mlangoni, ikazidi kungoja matengenezo.

Ijumaa ya Oktoba 14, 1881, bahari iliamka shwari baada ya siku kadhaa za hali mbaya. Kipimahewa kilionyesha hatari, lakini nyumbani hapakuwa na kitu, na mashua zikatoka. Kufikia mchana dhoruba ilikuwa imezifikia. Waliokimbilia nyumbani ndio walioumia zaidi: baadhi ya mashua zilivunjika kwenye miamba ya Hurkur, wake na watoto wakitazama kutoka ufukweni bila la kufanya. Mashua Ariel Gazelle ilibaki kwenye maji makuu, ikarudi siku mbili baadaye watu wakiwa wameshakata tamaa.

Pwani ile ilipoteza wavuvi 189, na 129 kati yao walikuwa wa Eyemouth.

Miaka 100 baadaye, wanawake wa eneo hilo walidarizi pazia kubwa la kumbukumbu, lililowekwa katika makumbusho ya mji. Na tangu 2016, kando ya bahari, zimesimama sanamu ndogo za shaba za wajane 78 na watoto 182 wa mji huo. Wengine wamekumbatiana, wengine wameshikilia shali zisipeperuke, nyuso zao zikielekea majini.