Harusi Inachangiwa, Ada Je?

Kuna kazi ambayo sikuijua mpaka nilipofika mwaka wa pili, kwenye somo la uongozi na usimamizi wa elimu. Kule Marekani kuna watu wanaolipwa kuvishauri vyuo na mashirika yasiyo ya kiserikali namna ya kuchangisha fedha. Wao wenyewe hawapitishi kikapu. Wanakaa na mkuu wa chuo na bodi yake, wanawauliza maswali ya kuudhi, halafu wanawaambia: haya, nendeni mkaombe. Darasa zima lilicheka. Mtu wa viti vya nyuma akauliza, "Yaani unalipwa kumfundisha mtu kuomba?"

Wengine waliishia kucheka. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kwenye kamati ya mfuko wa dharura wa wanafunzi, ule wa kuwasaidia waliokosa mkopo, na mfuko wenyewe ulikuwa hoi. Kwa hiyo nilikwenda maktaba kusoma zaidi.

Kazi hii ina umri. Mwaka 1905, mjini Washington, YMCA ilikuwa inatafuta fedha za jengo lake na michango imekwama. Charles Ward na Lyman Pierce wakaleta utaratibu uliokuwa mgeni wakati ule: lengo moja linalojulikana, tarehe ya mwisho, vikundi vya wachangishaji vinavyotoa taarifa, na mchoro wa saa kubwa kuonyesha fedha zimefika wapi. Mwaka 1919 aliyekuwa mwandishi wa habari, John Price Jones, aliendesha kampeni ya Chuo Kikuu cha Harvard, na akafungua kampuni yake ya ushauri. Tangu hapo mambo makubwa hayajabadilika sana. Mshauri anaanza na upembuzi yakinifu: anakwenda kimya kimya kwa watu wanaoweza kutoa, anawauliza wanakionaje chuo na wanawaamini viongozi wake kiasi gani. Kisha inapangwa ngazi ya michango, mmoja mkubwa sana juu, michache mikubwa chini yake, na midogo mingi mwishoni. Umma hautangaziwi kitu mpaka sehemu kubwa ya lengo, mara nyingi karibu nusu, iwe imeshaahidiwa. Na kabla ya mtu yeyote wa nje kuombwa hata senti, bodi inatoa kwanza. Mjumbe asiyetoa anaulizwa kwa nini yuko kwenye bodi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikamkumbuka mama mdogo.

Mama mdogo hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa haya mambo, lakini amekuwa mhazini wa kamati za harusi zaidi ya mara sita, ikiwemo ya kaka yangu. Kikao cha kwanza cha kamati, kabla kadi moja ya mchango haijatoka, mwenyekiti anasimama anataja ahadi yake. Anafuata makamu, halafu mhazini. Kiwango kinawekwa na wao. Wakisema elfu ishirini, harusi imekufa. Baada ya hapo inatengenezwa orodha: nani apelekewe kadi na nani, maana shangazi hawezi kumkatalia fulani lakini akiletewa na mwingine atasema hali ngumu. Kila Jumapili orodha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Aliyemaliza anawekewa tiki. Jamani, ile tiki ina nguvu kuliko barua ya wakili.

Tumezoea kusema Watanzania tunapenda sherehe kuliko shule, ndiyo maana mtu anachangia harusi laki moja na akiombwa ada anatazama pembeni. Siamini hivyo. Nimeiona kamati ya harusi ikifanya kazi na nimeiona michango ya ada chuoni kwetu, na naona tofauti ni uongozi. Harusi ina mwenyekiti aliyetoa, mhazini anayesoma hesabu mbele ya watu, na tarehe isiyosogea. Mfuko wetu ulikuwa na boksi la karatasi pale kantini, limeandikwa "Changia Mwenzako".

Boksi lile lilikaa muhula mzima. Hakuna aliyejua lengo ni kiasi gani wala za mwezi uliopita zilimsaidia nani. Nilimsimulia mama mdogo kwa simu akaguna. "Mwanangu, boksi halina uso. Mtu anampa mtu."

Wakati huohuo kulikuwa na binti mmoja wa kitivo chetu, mwaka wa tatu, aliyekuwa anadaiwa ada shilingi 380,000. Hakuwa na bumu tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa anajisomesha kwa kuuza sabuni za maji hosteli. Bila kulipa asingeruhusiwa kuingia kwenye mitihani ya mwisho. Alikuwa amebakiwa na wiki tatu. Kwenye mazoezi ya kufundisha wanafunzi wake wa kidato cha pili walimlilia alipoondoka, nilikuwepo. Mtu kama yule kurudi nyumbani kwa 380,000 ni hasara ya shule ambayo bado hata haijamwajiri.

Kwenye kikao cha kamati nikaomba tufanye kama harusi. Wajumbe wote tisa tutaje ahadi zetu hapohapo, ziandikwe. Kimya kilichofuata sitakisahau. Mmoja akasema sisi ni wanafunzi, hatuna kitu. Kweli, lakini wale tuliotaka wachange pale kantini ni akina nani? Mwenyekiti ndiye aliyevunja kimya, akaahidi 20,000, na wote tukafuata, wa mwisho akiahidi 3,000. Jumla 88,000 kabla hatujatoka chumbani. Ndipo tukagawana orodha: wahadhiri wanaotufahamu, wahitimu wa miaka ya karibuni walioajiriwa, CR wa kila darasa. Kila mtu alikwenda kwa anayemjua, uso kwa uso, na kiasi maalum mdomoni. Jina la binti hatukulitaja popote. Tulisema tu mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kiasi kinachodaiwa, tarehe ya mwisho. Siku ya kumi na saba ada ililipwa, tukabandika nakala ya risiti ubaoni, jina limefunikwa.

Wengine wawili waliokuja baada yake hatukuweza kuwafikia kwa wakati. Mmoja ameahirisha mwaka.

Kitu kinachoniumiza kichwa sasa ni kwamba kila chama hapa chuoni kina mchango wake. Kitivo kina mfuko, dini zina mifuko, wa mikoa nao wana yao, na wote tunagonga milango ya wahadhiri walewale. Vyuo vya watu weusi Marekani vilikuwa na tatizo hilihili, kila kimoja kikiwaendea matajiri walewale, mpaka mwaka 1944 Frederick Patterson, mkuu wa Tuskegee, alipoviunganisha vyuo 27 viombe kwa sauti moja na kugawana kinachopatikana. Sisi kuunganisha mifuko minne tu tumeshakaa vikao vitatu, na hoja kubwa mpaka sasa ni nani atakuwa mwenyekiti.

Halafu kuna ndugu aliyetufuata na ofa: atatuletea wafadhili kutoka mjini, sisi tumkatie asilimia kumi ya kila kitakachoingia. Baadhi ya wajumbe waliona ni dili. Mimi nilipinga, na bado napinga. Wale washauri wa Marekani kanuni zao zinakataza malipo ya asilimia. Wanalipwa ada iliyokubaliwa kwa kazi waliyofanya. Mtu wa asilimia ana sababu ya kumkamua mtoaji leo na hana sababu ya kujali kama mwakani atatoa tena. Tena utamwambiaje mhadhiri kwamba katika 10,000 yake, elfu moja imeenda kwa mtu asiyemjua?

Suala hilo litapigiwa kura Alhamisi, saa kumi jioni, chumba kilekile juu ya kantini. Mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuingia na kuuliza. Daftari la mapato na matumizi litakuwa mezani, pamoja na ahadi za wajumbe wawili ambazo mpaka leo hazina tiki.