Digrii ya kufinyanga

Muhula unakatika, na mimi kucha zimejaa udongo. Kila tukikutana kafeteria mnaniuliza: "Hivi kweli unasomea digrii ya vyungu?" Mwenzangu wa chumbani, mtu wa uhasibu, kanitupia methali kabisa: mfinyanzi hulia gaeni. Tulicheka sana. Ila baba naye anauliza hilohilo, kwa upole tu, na yeye ndiye anayenitumia nauli. Basi leo nijibu.

Kwanza, udongo una sayansi yake bwana. Unaukanda kama unga wa chapati mpaka mapovu ya hewa yaishe. Ukiunda sanamu, tuseme kichwa cha mtu, huiachi iwe bonge zima. Ikishakaza kama ngozi unaikata, unaikomba ndani ibaki na ukuta wenye unene unaolingana, halafu unaiunganisha tena kwa kukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo. Kisha unasubiri ikauke, wiki nzima au mbili. Hapo hakuna kukesha usiku wa mwisho kama wenzetu wa insha!

Watu husema hewa ndiyo hupasua kazi kwenye tanuri. Mbaya zaidi ni maji. Udongo wenye unyevu ukipashwa haraka kupita nyuzi 100 za Sentigredi, maji yanageuka mvuke ndani ya ukuta, na mvuke ukikosa njia unaitengeneza. Kwenye nyuzi 573 madini ya kwatsi yaliyomo kwenye udongo yanatanuka ghafla, na wakati wa kupoa yananywea palepale. Ndiyo maana tanuri halifunguliwi kwa hamu.

Muhula uliopita sanamu moja ililipuka humo ndani na kuvunja kazi za wenzetu watatu, siku nne kabla ya kusahihishwa. Jamani, alama zao zote zilikuwa mle. Mmoja alikaa chini akalia. Mwalimu aliwaongezea muda, kisha akatuletea kinu tuyatwange yale magae. Kumbe gae likisagwa na kuchanganywa na udongo mpya, udongo unanywea kidogo zaidi na unahimili moto vizuri. Kazi walizowasilisha baadaye zilikuwa na magae yale ndani yake.

Pili, ile habari ya "ushamba". Mwaka wa kwanza wote tulikimbilia gurudumu la umeme, tukidhani kufinyanga kwa mikono ni mambo ya bibi. Sasa mcheki Magdalene Odundo. Kazaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kusoma Uingereza, na katikati ya miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa akina mama wafinyanzi. Mmoja wao ni Ladi Kwali, ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20 iliyotoka mwaka 2007. Odundo hatumii gurudumu. Anajenga kwa mikono na kusugua chungu mpaka king'ae chenyewe, bila glezi. Kazi zake ziko British Museum.

Na hapa kwetu? Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vinavyopakiwa kwenye mitumbwi kwenda kuuzwa Matema. Hawana kipimajoto wala cheti. Wanajua kwa macho na vidole kile ninachokariri mimi kwenye daftari.

Kwa hiyo baba, ajira ya kukuahidi sina. Ninachojua ni kwamba nasomea elimu ambayo mama zetu walikuwa nayo bila mtu kuwaita wasomi, na nataka kuiandika, kuifundisha na kuishi kwayo.

Wadau, mwisho wa muhula tuna maonyesho, njooni. Vyungu vibichi tu msivishike, tafadhali. Tuonane!