Chumba cha Shinkawa

Mimi ni mtoto wa mchungaji, kwa hiyo hadithi za watumishi wa Mungu waliogawa kila kitu huwa nazisoma nikiwa na swali moja: nani alipika? Nyumbani kwetu wageni walikuwa wengi kuliko viti. Baba aliwakaribisha, mama akaongeza maji kwenye mchuzi.

Toyohiko Kagawa nilikutana naye darasani, muhula wa pili wa shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Alizaliwa Kobe, Japani, mwaka 1888, mtoto wa nje ya ndoa, akabaki yatima angali mdogo. Alibatizwa mwaka 1904. Kifua kikuu nusura kimuue. Tarehe 24 Desemba 1909, akiwa na miaka 21 na bado anasomea uchungaji, alihamia Shinkawa, mtaa wa mabanda ambao watu wa mjini waliupita mbali.

Hakwenda kutembelea na kurudi. Alikaa. Alilala chumba kimoja na wagonjwa na walevi, na humo akaambukizwa trakoma iliyomharibu macho maisha yake yote. Lakini jambo ambalo sikuweza kulisoma mara moja likaisha ni la vichanga. Kulikuwa na watu Shinkawa waliolipwa kulea watoto wasiotakiwa na wazazi wao. Fedha ikishapokelewa, mtoto alinyweshwa uji mwepesi mpaka anakufa, kisha anachukuliwa mwingine, na malipo mengine. Kagawa aliwazika watoto hao. Mmoja alimchukua amlee mwenyewe. Nikawaza: kijana asiye na mke, kifua kibovu, anabembeleza kichanga cha watu usiku kucha ndani ya banda.

Nadhani ni hapo alipochoka na sadaka. Kuzika unaweza kuzika kila wiki, na wiki ijayo yupo mwingine. Mwaka 1914 alikwenda Marekani kusoma Princeton, na aliporudi akajitosa kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1921 alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo mkubwa wa viwanda vya meli vya Kobe, akawekwa ndani. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha ushirika wa walaji, Kobe na jirani yake Nada. Hesabu yake ni ya sokoni: maskini hununua kidogokidogo, na kidogokidogo ndiyo bei ghali. Mama yangu, mweka hazina wa kikoba cha mtaani, hilo hakuhitaji kuelezwa. Ushirika ule upo hadi leo, unaitwa Co-op Kobe.

Mama aliuliza habari za mke. Basi nikamsimulia Haru, msichana wa kiwandani aliyeolewa na Kagawa mwaka 1913 na kuingia Shinkawa pamoja naye. Yeye pia alipata trakoma, na jicho moja likapofuka. Vitabu vingi vinampa Haru sentensi mbili.

“Hata hizo mbili ni nyingi, mwanangu,” mama akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1915 Kagawa alichapisha kitabu juu ya saikolojia ya maskini. Ndani yake aliwazungumzia burakumin, Wajapani waliotengwa kwa vizazi kwa sababu ya kazi za mababu zao kama kuchinja na kuchuna ngozi, kana kwamba ni kabila tofauti lenye uhalifu kwenye damu. Aliyaandika hayo baada ya kuishi na maskini kwa miaka, si kabla. Wapo wanaomtetea kwamba ndivyo wasomi wa wakati ule walivyofikiri. Utetezi huo haunitoshi, maana alikuwa na kitu ambacho wasomi wale hawakuwa nacho: majirani. Mwaka 1922 burakumin walianzisha chama chao wenyewe, Suiheisha, wakajisemea.

Msimamizi wangu alipendekeza kitabu hicho nikitaje kwenye tanbihi, niendelee na ushirika. Nimekiweka katikati ya sura ya pili, baada ya vichanga na kabla ya mgomo, kwa sababu ndipo kilipoangukia kwa miaka. Sura imerudi na alama ya kuuliza pembeni, kwa kalamu nyekundu. Haru nimempa kurasa nne.