Sambaza, Tambi na Mawe Meusi ya Goma

Niliwasikia wavuvi kabla sijawaona. Ziwa Kivu lilikuwa bado na giza, na kutoka ndani ya ukungu ukaja wimbo wa wapiga makasia, mmoja akiongoza, wengine wakiitikia. Kisha mitumbwi ikajitokeza, mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma. Usiku kucha ilikuwa imewasha taa juu ya maji kuwavuta samaki. Alfajiri hiyo ilirudi Kituku ikiwa imesheheni sambaza wanaometameta.

Kituku ni soko la ufukweni, magharibi mwa mji wa Goma. Hapo pia hutia nanga boti zinazoleta ndizi na mihogo kutoka vijiji vya pwani ya ziwa. Hakuna mchanga, unakanyaga mwamba mweusi uliochongoka, na viatu vyangu vyepesi vilinifanya nitembee kwa adabu. Akina mama wenye mabeseni walinisogeza kando kwa upole: "Pardon, papa, tupite kidogo." Harufu ni ya moshi, tope na samaki mbichi. Mimi ni mtoto wa Kigoma, na harufu ile ilinirudisha kwetu.

Haikunirudisha bure. Sambaza si wenyeji wa Kivu. Ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliohamishiwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu Kivu halikuwa na samaki mdogo wa kuishi katikati ya maji na kuvuliwa kwa wingi. Leo ni vigumu kukuta sahani ya Goma isiyowajua.

Aliyenituma sambaza alikuwa mama mwenyeji wangu, mzaliwa wa Uvira. Familia yangu ilimfahamu Kigoma miaka ile Wakongo wengi walipovuka ziwa kukimbia vita ya 1996. Baadaye alirudi Kongo na kufanya makao Goma, mtaa wa Katindo. Aliniahidi chakula cha jioni ambacho sikukitarajia: tambi za Kiitaliano, za kukanda kwa mkono. Uvira alikuwa amefanya kazi jikoni kwa mapadri wa Xaveri, shirika lililoanzia Parma, Italia, ambao walifika huko mwaka 1958. "Padri alinifundisha makaroni, mimi nikamufundisha sombe," aliniambia, yaani kisamvu.

Ilikuwa Septemba 2019. Ebola ilikuwa imebisha hodi mjini mwezi Julai, na kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba na maji yanayonuka klorini. Watu walikuwa wameacha kupeana mikono. Goma ni mji wa salamu ndefu, na nilidhani nitaikuta baridi. Wapi! Walisalimiana kwa viwiko, wakacheka, wakaulizana habari za watoto hadi mwisho. Nilinawa mikono siku ile zaidi ya mara ishirini, na kwenye kila ndoo kulikuwa na mtu wa kuniambia "karibu."

Mtoto wa mama, kijana wa chuo, ndiye aliyenitembeza. Tulipeleka samaki nyumbani, tukapanda pikipiki hadi katikati ya mji, kisha tukaingia Birere kwa miguu. Hiki ndicho kitongoji cha kale cha biashara, kimejibana kwenye mpaka wa Rwanda kiasi kwamba vichochoro vingine vinakaribia kuingia Gisenyi. Kijana alinieleza kuwa jina linatokana na majani makavu ya mgomba yaliyoezeka nyumba za kwanza. Siku hizi ni mabati na mbao, ghorofa moja moja, na kila kibaraza ni duka: vitenge vilivyopangwa hadi darini, betri, kandambili, mafuta ya mawese kwenye madumu, wabadilisha fedha wenye mabunda ya franga kwenye visanduku vya waya. Maandazi yanaumuka kwenye mafuta huku mishikaki ya mbuzi ikitoa moshi unaofuata nguo zako siku nzima. Kiswahili ndicho kinachouza na kununua. "Iko ngapi, mama?" "Leta elfu mbili, papa, nakupunguzia." Ile *iko* inafanya kazi zote mjini humu, na kufikia saa sita nilikuwa naitumia bila kufikiri.

Ukitoka Birere, tazama chini. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa, na sehemu ya njia ya kurukia ndege ikafunikwa. Watu walirudi mwamba ukiwa bado wa moto, wakajenga juu yake. Nilionyeshwa duka ambalo zamani lilikuwa ghorofa ya kwanza. Chini yake, chini ya miguu yetu, kuna duka jingine lililozikwa. Mawe yaleyale yamechongwa yakawa kuta za nyua, meusi, yameunganishwa kwa saruji nyeupe. Niliweka kiganja kwenye ukuta mmoja. Una matundu madogo kama mkate, na saa nane mchana ulikuwa na joto la mwili wa mtu.

Barabarani hapo wanapita wenye chukudu. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magurudumu ya mti yaliyovalishwa mpira wa tairi. Mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine, na kwenye mteremko hushuka na magunia ya viazi, kabichi na makaa kutoka upande wa Kibumba. Mji umewajengea sanamu yenye rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na wanaistahili. Hakuna kilichonivutia Goma kuliko ule mngurumo wa mbao ukikaribia nyuma yako.

Tulihitaji jibini. Milima ya Masisi hutoa jibini ya mviringo, ya manjano, laini kwa kisu na tamu kwa maziwa. Muuzaji aliitazama noti yangu ya dola tano kwenye mwanga, akaona mpasuko mdogo pembeni, akanirudishia. Kongo noti ya dola iliyochanika haina thamani. Kisha akakata kipande kinene, akakifunga. "Chukua, utaleta kesho." Hakuwa amewahi kuniona. (Nilileta kesho yake, na akanionjesha kingine.)

Jikoni Katindo mama alimwaga unga mezani, akafanya shimo katikati, akavunja mayai manne. Alikanda hadi donge likawa laini kama ndewe ya sikio, akalifunika kwa bakuli lipumzike. Kisha akalisukuma kwa chupa tupu ya bia hadi ukaona michirizi ya meza upande wa pili, akalikunja, akalikata nyuzi nyembamba, akazitundika kwenye mgongo wa kiti. Sambaza walikatwa vichwa, wakakaangwa hadi wakalia, wakatumbukizwa kwenye mchuzi wa nyanya, vitunguu na pilipili. Watu wa Sicily hupika tambi kwa dagaa wa bahari yao, kwa hiyo mama hakuwa mbali na Italia hata kidogo. Alipofika kwenye jibini akaikuna kwa wingi.

"Padri alikataza kuweka fromaji juu ya samaki," alisema. "Lakini padri hakujua fromaji ya Masisi."

Tulikula kwenye sinia moja, lenga-lenga (mchicha) pembeni, majirani wawili wakiwa wameitwa kwa sauti kupitia ukuta wa mawe. Umeme ukakatika katikati ya chakula. Hakuna aliyeacha kutafuna. Mishumaa ilipowashwa kijana alinivuta hadi uani. Kaskazini, mawingu juu ya Nyiragongo yalikuwa mekundu, yanapumua taratibu, kama makaa yanayopulizwa. "Anapika na yeye," mama alisema nyuma yangu.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na lava ikasimama ukingoni mwa mji. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na ndege za abiria zikakoma kutua. Siwezi kumwambia msomaji afunge safari leo. Ila siku njia itakapokuwa salama, anza Kituku kabla ya jua, uvae viatu vya soli nene, na noti zako ziwe nzima. Mama bado yuko Katindo.