Adabu ya Kipandio

Neno shikamoo, wasemavyo wajuzi wa lugha, asili yake ni "nashika miguu yako". Visiwani, salamu hiyo husikika kila alfajiri vituoni mwa gari za shamba: mzee akitokea vijana humwamkia, na aliyeketi karibu na mlango husogea ampishe. Lakini adabu ya ulimi ina mpaka wake, na mpaka huo ni kipandio. Bibi wa Makunduchi, kusini kabisa mwa Unguja, anayetakiwa kufika Hospitali ya Mnazi Mmoja, hazuiwi na umbali wala nauli peke yake. Huzuiwa na hatua moja tu: ile ya kutoka ardhini hadi ndani ya gari.

Gari la shamba la asili, lori lililoundiwa bodi ya mbao, halikukusudiwa magoti yaliyochoka. Abiria huingilia nyuma, akajivuta juu, akainama chini ya paa fupi hadi apate nafasi kwenye ubao. Basi dogo lililokuja baadaye lina viti bora, lakini mlango wake ni mwembamba, na kiti cha magurudumu hakina mahali ila juu ya paa, pamoja na mikungu ya ndizi. Asiyeona naye hutegemea sauti ya konda imtajie njia. Konda akinyamaza, gari humpita.

Ni rahisi kumlaumu konda anayehimiza, "Haraka, bibi!" Hata hivyo, naye ana mkubwa wake. Jioni dereva hupeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yao wawili. Kila dakika ya kumpandisha mkongwe hutoka mfukoni mwao, ilhali gari la nyuma linawawahi abiria wa kituo kinachofuata. Mpango unaolipa mbio hauzai subira, hata ukiwa mikononi mwa watu wema.

Sheria hazikukosekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unataja usafiri waziwazi, tena wa mijini na wa vijijini. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa wakaazi waliotimiza miaka 70 pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Ni jambo la kujivunia. Bali fedha isiyoweza kumfikisha mwenyewe sokoni wala kwa daktari ni nusu ya heshima.

Mwaka huohuo wa 2016, ng'ambo ya mkondo, mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalianza safari kwa vituo vilivyoinuliwa hadi kulingana na sakafu ya basi. Mjini, basi, ardhi iliinuliwa. Shamba, ambako gari husimamishwa popote chini ya mwembe, hilo haliwezekani. Kipandio hakina budi kusafiri na gari lenyewe: ngazi ya kukunja, mshikio imara, ubao wa mteremko. Na dakika za kumngoja mzee zinunuliwe na hazina ya umma, kwa kumlipa mwenye gari ruzuku ya safari za namna hiyo, walau kwa siku za kliniki. Hapo subira itakuwa sehemu ya hesabu, si hasara yake.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Walisema penye wazee. Hawakusema penye majina yao. Mzee aliyefungiwa nyumbani na urefu wa kipandio hayupo mazikoni, hayupo maulidini, hayupo barazani linapozungumzwa jambo la shamba lenye mgogoro. Neno likiharibika huko, asitafutwe mchawi.