Barua kutoka Jinja: milioni moja na ruhusa ya kuvua

Ndugu zangu wa Musoma,

Juzijuzi nilidamka kwenda mwalo wa Masese kutafuta dagaa. Huku wanaitwa mukene, sangara ni mputa na sato ni ngege. Kwa miaka sita majina nimeyazoea, ingawa nikishikwa na njaa bado nasema dagaa. Usiku mvua ilikuwa imepiga, nikatia mabuti. Nikamkuta mama mmoja anatandaza mukene juu ya wavu mkuukuu, nikamwamkia kama ninavyoamkia watu pale Mwigobero: shikamoo mama, sado bei gani? Akalivuta karai lake nyuma ya miguu. Usoni hakunitazama, alitazama mabuti. "Afande," akasema, "mimi nanunua tu. Sivui."

Nilicheka, yeye hakucheka. Jirani yake ndiye aliyenitetea: huyu ni Mtanzania, wote wanaongea hivi.

Kiswahili si kitu kigeni hapa. Mtaa wa Walukuba, jirani na Masese, umejaa watu ambao babu zao walikuja kutafuta kazi za viwandani, na kila mmoja anajua walau cha kuombea maji. Lakini Kiswahili kilichonyooka, alfajiri, ufukweni, tena ndani ya mabuti, ni cha askari. Ndiyo lugha ya jeshi la Uganda, na mwaka 2017 jeshi ndilo lililopewa kazi ya kulinda ziwa, kupitia kikosi kinachoitwa FPU. Kabla ya hapo kulikuwa na BMU kama zenu, vikundi vya wavuvi wenyewe vya kulinda ziwa, kila mwalo na chake. Mwishoni mwa 2015 Rais Museveni akazisimamisha, zikishutumiwa kwa rushwa. Tusidanganyane, rushwa ilikuwepo. Mnazijua na zenu.

Askari wakaja na rula ya kupimia na kiberiti cha kuchomea. Mtumbwi usiofika futi 28 ni kosa. Sangara asiyefika sentimita 50 ni kosa. Mnaikumbuka Operesheni Sangara ya 2018, ule msako wa uvuvi haramu huko kwetu? Ichukueni ile, muifanye iendelee mwaka hadi mwaka, mtaielewa Masese. Haki yao niwape: sangara wakubwa walionekana tena, na viwanda vya minofu vikapata pumzi. Aliyekosa pumzi ni mwenye kamtumbwi kadogo, anayevua kitoweo cha nyumbani na cha kuuza kidogo apate unga.

Na haya yote yanatokea katika mji wenye wataalamu wa ziwa kuliko mji mwingine wowote ninaoujua. Utafiti wa samaki ulianza Jinja mwaka 1947, enzi za mkoloni, na leo taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, ipo hapa. LVFO, shirika la uvuvi ambalo nchi zetu tatu za ziwa hili ziliunda kwa mkataba wa 1994, nalo makao yake ni hapa. Samaki wa ziwa lile lile mnaloliona kutoka Mwigobero wanajadiliwa mwendo mfupi tu wa bodaboda kutoka kwenye karai la mama yule.

Msidhani serikali imemwacha mikono mitupu. Februari 26, 2022, huko Kibuku, njiani kati ya hapa na Mbale, ulizinduliwa mpango wa maendeleo ya parishi, PDM. Kila parishi, ambayo ni ndogo kuliko kata yetu, inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inakopeshwa milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Ya kwao hiyo. Kwetu ni kama laki saba. Lengo ni kumtoa mtu kwenye kuhangaikia tumbo tu, aanze kuuza. Samaki wamo katika orodha ya shughuli, lakini wa kufuga. "Nilitaka mambo ya samaki," mama aliniambia, sasa tukiwa marafiki. "Wakasema bwawa. Nichimbe wapi, ndani ya muzigo?" Muzigo ndiyo chumba kimoja cha kupanga. Akachukua kuku. Kideri kikapita, wakabaki saba. Deni halikuugua hata siku moja.

Wiki hiyo hiyo nikapanda gari kwenda Mbale, barabara ya Tirinyi, kwenye harusi ya rafiki. Mbale mnatakiwa mje mle malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yanayokaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa ya kahawia kama ngozi ya mkanda, kisha yanalowekwa na kupikwa kwa karanga iliyosagwa. Harufu yake ni ya jikoni kwa bibi. Mianzi hiyo imo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1993, ila vijiji kadhaa vya jirani vimeandikiana mkataba na mamlaka ya wanyamapori, UWA: watu wanaingia siku zilizopangwa, wanachukua malewa na kuni, wanatoka. Sheria pia inawarudishia majirani wa hifadhi asilimia 20 ya viingilio vya watalii. Elgon haina gorila wa kuvuta watalii, kwa hiyo mgao wake si wa kutajirisha mtu. Muuza malewa niliyemuuliza habari za fungu hilo hakuwa na habari nalo. Siku yake ya kuingia msituni alijua.

Sisemi mlimani ni peponi. Wabenet, wenyeji wa juu kabisa, walitambuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2005, na wengi bado wanadai ardhi.

Ila ndani ya basi la kurudi ruhusa ile ya malewa ilinifanya niwaze Alaska, huko Marekani. Sheria yao ya 1980 inasema samaki wakipungua katika maji ya serikali kuu, mtu wa kijijini anayevua ale ndiye wa kwanza, wa biashara na wa michezo wanangoja. Na tangu mwaka 2000 kuna fedha za serikali za kufuatilia hali ya samaki hao, na mashirika ya wenyeji ni miongoni mwa wanaozipata. Ruhusa ilitangulia, fedha zikafuata miaka 20 baadaye. Hapa Masese tumeanza na fedha, na ruhusa haijatajwa.

Kwenu mikopo ya maboti na vizimba vya kufugia samaki iligawiwa Mwanza Januari 2024, haina riba, na najua wengi mnaipigia hesabu. Ipigieni. Lakini msisahau ruhusa: BMU yenu bado ipo hai, na nasikia kwenye mikutano viti ni vingi kuliko watu. Ukiitishwa mwingine, nendeni, na wanaoanika dagaa nao waende.