Mwaka wa Mkusanya Sarafu

Kukusanya sarafu ni kazi ambayo watu wengi huidhani kuwa mchezo wa matajiri, au shughuli ya wazee waliokosa shughuli. Dhana hii ina sehemu yake ya kweli, maana wako watu wanaozitafuta sarafu kwa ajili ya dhahabu iliyomo ndani yake, au kwa ajili ya bei itakayopatikana mnadani. Walakini wako na wengine, nao aghalabu si watu wenye mali, ambao huzitafuta kwa ajili ya habari. Sarafu ni hati. Huchukua jina la mtawala, mwaka na thamani, kisha hupita mikononi mwa watu wasiohesabika: mchukuzi, mvuvi, mlipa kodi, mwizi na mtoa sadaka. Mwisho wake hutupwa, huyeyushwa au husahauliwa, na mtu aiokotaye baadaye hukuta kwamba kipande kile cha shaba kimehifadhi jambo ambalo vitabu vililipita haraka.

Mmoja wa wakusanyaji wa namna hiyo ni karani mstaafu wa reli, akaaye Dar es Salaam. Mali yake yote ya sarafu huingia katika kisanduku kimoja cha mvule. Kila sarafu ina bahasha yake ndogo ya karatasi, na juu ya kila bahasha huandikwa mistari mitatu: wa kwanza ni jina la sarafu, wa pili ni mwaka wake, na wa tatu ni mahali ilipopatikana. Mstari wa tatu ndio anaoupenda kuliko yote. Katika mwaka 2023 aliongeza bahasha zisizofika ishirini, lakini mwaka ule ulimpa mafunzo mengi kuliko miaka kumi iliyoutangulia.

Sarafu ya kwanza ya mwaka ilitoka Kariakoo, kwa mwuza vyuma vikuukuu. Mtu huyu alikuwa na kopo lililojaa senti zenye matundu, za zamani za Afrika Mashariki, akiwauzia mafundi wanaozitia chini ya misumari ya mabati ili mvua isivuje. Karani aliomba ruhusa, akakaa kitako, akazipitia moja moja kwa muda wa saa mbili. Karibu na sakafu ya kopo aliiona senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyu wa Uingereza alitawala tangu Januari mpaka Desemba ya mwaka huo huo, akajiuzulu kabla ya kutawazwa, na huko kwao sarafu zenye sura yake hazikupata kuingia sokoni. Sarafu ndogo za Afrika Mashariki, kwa kuwa zilikuwa na tundu mahali pa kichwa, hazikuhitaji sura. Zilitaka jina tu. Kwa hiyo zilifuliwa, zikapakiwa melini, zikafika, zikatumika. Mfalme ambaye raia wa London hawakumwona katika fedha yao alitungwa uzini pamoja na wafalme wengine, akanunuliwa nazi na chumvi. Karani aliilipia sarafu ile bei ya kipande cha bati, akaandika mstari wa tatu: Kariakoo, katika kopo la fundi.

Mwezi wa Aprili alivuka kwenda Unguja. Katika duka moja la Mji Mkongwe alipata pesa mbili za shaba, akaziweka pamoja katika kiganja. Ya kwanza ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said, ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, yenye picha ya mizani. Ya pili ilikuwa ya kampuni ya Wajerumani iliyojipatia mamlaka ya pwani ya bara, ya mwaka 1890. Upande wake mmoja una tai wa Ujerumani. Upande wa pili hauna neno hata moja la Kijerumani: jina la kampuni na mwaka wa Hijra vyote vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wageni waliotaka kutawala walijua kwamba fedha isiyosomeka haikubaliki, na watu wa pwani walikuwa wamezoea kusoma kwa herufi hizo. Hivyo tai alikuja na nguvu zake, lakini ilimlazimu kuazima kalamu ya wenyeji.

Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliziacha pesa, ambazo 64 zilifanya rupia moja, ikaleta hesabu mpya ya Heller 100 kwa rupia. Heller ni jina la kale lililotokana na mji wa Hall, katika Ujerumani. Katika sarafu hii herufi za Kiarabu zimetoweka. Kuna taji, na maneno ya Kijerumani matupu. Watu hawakuulizwa kama waipenda. Kodi ya nyumba ilikwisha kuwapo tangu mwaka 1898, na mtu aliyetaka rupia za kodi ilimbidi auze mazao au auze nguvu zake mashambani. Kwa njia hiyo ngumu neno la mji wa Hall liliingia vinywani, likavuliwa mavazi yake, likavikwa ya Kiswahili, likawa hela. Utawala ule ulianguka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Sarafu zake zilikusanywa na kuondolewa. Lakini hata leo mtu wa Dodoma au Mwanza akiishiwa husema hana hela, wala hajui kuwa ametaja sarafu ya dola iliyokufa. Jambo hili lastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha, kwa sababu neno hilo lina nguvu zaidi Tanzania kuliko Kenya, ambako sarafu hiyo haikuwa fedha ya nchi. Mpaka uliochorwa na madola ungali unasikika katika mazungumzo ya sokoni.

Julai karani alipanda gari la moshi kwenda Tabora. Safari hii ilikuwa na maana ya pekee kwake, kwa kuwa sarafu aliyoifuata ilifuliwa katika karakana ya reli. Vita vilipowafungia Wajerumani bahari, fedha haikuweza kuletwa kutoka Ulaya, na askari, wapagazi na wauzaji wa vyakula walitaka malipo. Mwaka 1916 mafundi wa Tabora walianza kufua hela ishirini za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, wakitumia mabaki ya shaba na maganda ya risasi. Walifua pia rupia kumi na tano za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ikakoma. Tembo wa dhahabu ni wa matajiri. Karani amemwona katika picha tu. Yeye alinunua hela ishirini ya shaba ya manjano kutoka kwa mjane mmoja, ambaye mumewe aliirithi kwa babu yake. Sura yake ni mbaya: ukingo umepinda, taji limekaa upande, na herufi moja haikutoka vizuri. Lakini mtu aliyetumia ujana wake kati ya nyundo na moshi wa reli hakuuona ubaya huo. Aliona harara ya mafundi waliopewa kazi wasiyopata kuifanya, na zana zisizokuwa za kazi hiyo, na siku chache za kuimaliza.

Mwezi wa Oktoba ulileta mtihani. Kwa miaka thelathini karani alikuwa akitamani sarafu ya Kilwa, iliyofuliwa na masultani wa kisiwa kile kabla ya Wareno kuijua njia ya pwani hii. Sarafu hizo za shaba ni ndogo kama kifungo cha shati, wala hazina mwaka. Lakini zina kitu ambacho ni nadra kukipata katika fedha za dunia. Zina vina. Upande mmoja una jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, na neno la mwisho, al-minan, hufungana kwa kina na al-Hasan. Mfanyabiashara aliyeigeuza sarafu katika vidole vyake alikuwa akigeuza ubeti. Katika pwani iliyoipa lugha yake tenzi na mashairi, fedha nayo ilitungwa.

Karani alivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko mpaka Kisiwani ili ayatazame magofu. Alipokuwa amepumzika kivulini, mvuvi kijana alimwendea, akamsalimu kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kijana akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na sarafu tatu, kijani kwa kutu. "Nimeziokota ufukoni, maji yalipokupwa. Nimeambiwa wewe ni mtu wa vitu hivi. Nipe chochote."

Mzee alizitia kiganjani. Katika moja aliweza kuusoma mwisho wa jina, al-Hasan, na mkono wake ukatetemeka. Fedha alikuwa nayo, na bei iliyotajwa ilikuwa ndogo. Hapakuwa na shahidi ila bahari. Lakini aliijua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo huvilinda vitu vilivyofanywa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Pesa ya Barghash iko upande huu wa mpaka huo. Sarafu ya Kilwa iko upande wa pili.

Walakini sheria peke yake isingalitosha kuushinda uchu wa miaka thelathini. Kilichomshinda ni mstari wa tatu wa bahasha zake mwenyewe. Sarafu isiyo na mwaka haina shahidi wa umri wake ila mahali ilipolala. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za mbali. Dinari zile zilikuwa na miaka, na kwa kuwa zilizikwa pamoja, zenye miaka ziliwatolea ushahidi zisizo na miaka. Ikajulikana kwamba watu wa pwani walikuwa wakifua fedha yao tangu karne ya 11. Sarafu moja tu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa, ilipatikana Great Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ikaufungamanisha mji ule wa bara na bandari iliyouza dhahabu yake. Kinyume cha hayo ni sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Ziliokotwa mchangani, zikawekwa, na miaka mingi ikapita kabla hazijatambuliwa. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko na lini. Jina la mtawala wanalo. Ushahidi wa udongo hawana.

Karani alimweleza kijana mambo hayo kwa maneno machache, akamshauri azipeleke kwa wasimamizi wa magofu. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nikizipeleka, mimi nitapata nini?"

Swali hili ni la haki, wala mzee hakuwa na jibu lake. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa juu ya urithi wa taifa. Alichoweza kufanya ni kufuatana naye. Mbele ya msimamizi, kijana alionyesha kwa kidole mahali alipoziokota, karibu na ukuta uliomomonyoka, na maneno yake yakaandikwa pamoja na jina lake. Kabla hazijakabidhiwa, mzee alimfundisha kuisoma ile iliyosomeka, na kijana akayakariri majina yale mara mbili, akicheka kwa kuisikia sauti ikirudi. Kisha mzee akanunua samaki wake wote wa siku ile kwa bei ya sokoni, akawagawia watu wa mashua, maana kwake Dar es Salaam wasingefika salama.

Marafiki zake waliposikia walimwita mjinga. Walisema mtu mwingine atazinunua zijazo. Huenda wakawa wamesema kweli, na jambo hilo humsumbua. Mali ya pwani hii haitalindwa na wazee wanaokataa kununua, ikiwa vijana wanaoziokota hawapati lolote katika ulinzi wake.

Bahasha za mwaka ule zikipangwa mezani, yaonekana wazi kwamba sarafu zote zilikwisha kufa kama fedha, na kila moja inaishi mahali pengine. Ya Kilwa inaishi katika udongo wake. Hela inaishi kinywani. Thumuni nayo ina maisha ya ajabu: maana yake kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, na zamani ilihesabiwa kwa riale, kisha jina likahamia senti hamsini, ambayo ni nusu ya shilingi wala si thumuni yake. Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966, senti hamsini ilipewa picha ya sungura, na watu wakaendelea kumwita sungura thumuni.

Wako wazee wengi pwani na bara wanaokumbuka majina ya namna hii, na bei zilizokwenda nayo: kisonzo cha mtama kwa senti ngapi, kanga kwa shilingi ngapi, mahari kwa kiasi gani. Hakuna bahasha iliyoandikwa kwa ajili ya kumbukumbu hizo. Mwanafunzi mwenye daftari na subira aweza kuianza kazi hiyo kwao wenyewe likizo ijayo, asisahau kuandika chini ya kila neno, katika mstari wa tatu, mahali alipolisikia.